Eti Hakumbuki Waliomshika

Kuna kitabu ambacho wanafunzi wa shahada ya uzamivu katika elimu hulazimika kukisoma mwaka wao wa kwanza. Nilikikuta kwenye orodha ya vitabu vya lazima siku nilipokuwa mwanafunzi wa namna hiyo mimi mwenyewe, mtu mzima mwenye mvi, na nilipopewa kazi ya kufundisha wengine niliiacha orodha kama nilivyoikuta. Kinahusu shule za kati za Tanganyika katika miaka ya hamsini. Aliyekiandika alikuwa mwanamke wa Kiingereza aliyekuja Iringa kuitafuta shahada hiyohiyo. Ni kitabu kizuri. Mwandishi alitazama kwa makini na hakutudharau. Wanafunzi wangu walipenda kubishana juu ya sura inayoeleza ghasia za shule moja ya upande wa Kalenga, na hasa juu ya kijana aliyepigwa na mwalimu mkuu akapofuka jicho. Mwandishi anasema alimhoji kijana huyo hospitalini akisaidiwa na mkalimani, na kwamba kijana alieleza kila kitu kwa utulivu, ila hakuwakumbuka walimu waliomshika wakati anachapwa. Kutoka hapo anajenga hoja ndefu kuhusu mtoto, hofu na kusahau.

Mkalimani nilikuwa mimi. Kijana alikumbuka vizuri sana.

Nilizaliwa Mbeya mjini. Baba alikuwa fundi cherehani, Mwislamu ambaye babu yake alipanda bara kutoka pwani akabaki. Mama alikuwa Mhehe. Nyumbani tulizungumza Kiswahili cha baba na tukigombezwa tuligombezwa kwa Kihehe, kwa hiyo lugha zote mbili nilizijua tangu mdogo, na Kiingereza nilikipata shuleni kwa fimbo kama wenzangu. Nilipomaliza nikapelekwa chuo cha ualimu. Huko tulikuwa na kitabu kimoja cha lazima juu ya malezi ya akili ya mtoto, na kitabu hicho kilisema kwamba mwalimu anayeshika fimbo amekwisha kushindwa kazi yake. Nilikikariri. Katika mtihani wa mwisho niliandika kurasa tatu nzima juu ya jambo hilo na msahihishaji akanisifu mbele ya wote. Nilikuwa nimeziandika nimekaa upande mmoja wa kalio, maana wiki hiyohiyo mkufunzi wa somo hilo alikuwa amenichapa kwa kuchelewa gwaride.

Shule niliyopangiwa ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kalenga, ng'ambo ya Ruaha Mdogo. Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, aliyerudi kutoka vita vya Burma na goti lisilokunjika. Majengo yale aliyasimamisha yeye na wanafunzi wake, tofali kwa tofali. Wazazi walimheshimu kwa sababu watoto wake walifaulu, na niliwahi kumwona akifuta machozi kwa siri siku mwanafunzi wake mmoja alipochaguliwa kuendelea na masomo ya juu. Nyuma ya mlango wa ofisi yake kilitundikwa kiboko, cha ngozi ya kiboko kweli, kilichopakwa mafuta kisikauke.

Siku yangu ya kwanza alinipa chaki, daftari la mahudhurio na ufito wa mpera. Akanifuata hadi darasa la tano, akasimama mlangoni. Nilianza kufundisha, hakuondoka. Niliuliza swali, mtoto akajibu kwa kubabaika, nikamsahihisha. Mkuu bado alikuwa pale pale, ananitazama mikono. Mwishowe nilielewa anachosubiri. Nikamwita mtoto wa dawati la mbele, nikamchapa viganja viwili, kwa kosa ambalo hata siku ile sikulijua. Mkuu akatikisa kichwa kwa kuridhika na kwenda zake. Baada ya mwezi mmoja mkono wangu ulikuwa hauhitaji tena mtu wa kusimama mlangoni.

Yule Mwingereza alikuja mwaka wangu wa pili, mwanzo wa kiangazi. Tulimwita Mem. Alikuwa na umri kama wa miaka ishirini na minane, uso umeungua na jua, na Kiswahili chake alikisoma kitabuni, akikitamka polepole kama mtu anayevuka mto kwa mawe. Watoto wa pale wengi wao Kiswahili walikuwa wamejifunza shuleni tu, kwa hiyo walipomjibu hakuwaelewa, naye hawakumwelewa. Mkuu akanikabidhi kwake niwe mkalimani baada ya vipindi. Alinionya kabla sijaenda: nimwambie mgeni kila anachotaka kujua kuhusu masomo, na mambo ya ndani ya nyumba yabaki ndani ya nyumba.

Mem alifikia kwenye nyumba ya udongo iliyokuwa ya mwalimu aliyehamishwa. Alikuja na sanduku la bati lililojaa vitabu. Ndani ya kifuniko alikuwa amebandika karatasi ndefu iliyopigwa chapa, yenye majina ya vitabu ambavyo maprofesa wake walimtaka avisome kabla hawajamruhusu kuandika chochote. Vile alivyokwisha kuvisoma alivikata kwa mstari. Nilipomwomba aniazime kimoja alishangaa kidogo, kisha akafurahi kwelikweli. Cha kwanza nilikielewa robo yake. Cha pili kilieleza adhabu katika shule za kwao zamani, na nilikisoma mara mbili, kwa sababu mwalimu mmoja mle ndani alifanana na mkuu wetu hata kwa namna ya kukohoa kabla ya kupiga.

Mem akaniuliza nimekionaje. Nilimwambia kwamba huko kwao ilikuwa hatari, sisi huku hatupigi sana. Akaliandika hilo. Uongo wangu wa kwanza kwake ulikuwa mdogo hivyo, na ulinitoka bila jasho.

Basi palikuwa na kijana wa darasa la nane. Ninasema kijana kwa sababu hakuwa mtoto. Shule za wakati ule zilichelewa kuwafikia watu, naye hakuzidiwa na mimi zaidi ya miaka minne. Alikuwa mpole, mwepesi wa hesabu, mwana wa mkulima wa upande wa pili wa mto. Mwezi wa sita, wakati wa baridi, wanafunzi walikuwa wakivuna mahindi katika shamba la mkuu. Kwenye ratiba kazi hiyo iliitwa somo la kilimo. Habari zikaja kwamba baba wa kijana amezidiwa. Akaomba ruhusa, akanyimwa mpaka mavuno yaishe. Akaondoka bila ruhusa. Baba yake alifariki, akamzika, na siku ya nne alirudi shuleni amenyolewa kichwa kama ilivyo desturi ya mfiwa.

Siku ile Mem alikuwa amekwenda Iringa mjini kupeleka barua zake posta. Nadhani mkuu aliichagua siku kwa sababu hiyo, ingawa sina hakika.

Tulipangwa uwanjani saa nne asubuhi. Meza ya ofisini ililetwa nje. Mkuu alisema kunyoa kichwa si ruhusa. Sheria ilisema viboko visizidi sita na viandikwe kwenye daftari. Yeye alitangaza ishirini na vinne. Kisha akatuita wawili, mwalimu mmoja mzee na mimi. Mzee alishika mikono ya kijana upande wa kichwani. Mimi nilishika miguu.

Hakuna aliyenilazimisha kwa bunduki. Mkuu alinitazama tu, nami nikaenda.

Nilipiga magoti nikayakumbatia mashavu ya miguu yake. Alinukia moshi wa msibani. Kiboko cha kwanza kilipotua, nilikihisi kikipita mwilini mwake na kushuka hadi kwenye vifundo vya mikono yangu. Hakulia. Kufikia cha kumi kaptula ilikuwa imechanika na damu imeanza kunirukia shavuni. Mkuu alihesabu kwa Kiingereza, kwa sauti ya gwaride, akipumua kwa nguvu kati ya namba moja na nyingine. Watoto wa madarasa ya chini walianza kujikojolea mstarini. Niliinamisha uso nikautazama udongo, na nilichokuwa nikifikiri, Mungu anisamehe, ni kwamba damu haitatoka kwenye shati langu jeupe.

Kilipofika cha kumi na saba yule mwalimu mzee, ambaye kifua kilimsumbua, alishikwa na kikohozi na mikono ikamlegea. Kijana akajiinua kwa viwiko. Hakujaribu kukimbia. Aligeuza kichwa kutazama nyuma, kuona ni nani aliyemshika miguu, na tukatazamana. Kiboko kilikuwa tayari kinashuka. Ncha yake ilimpiga kwenye jicho la kushoto. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama tunda bivu linapoanguka kwenye jiwe.

Ndipo alipolia. Mkuu alisimama kidogo. Halafu akamaliza hesabu.

Wenzake wa darasa la nane walimbeba kwa blanketi hadi barabarani, lori la mazao likamchukua mpaka hospitali ya Iringa. Mem aliporudi jioni, mkuu alimwambia mwanafunzi ameanguka. Alinigeukia mimi nithibitishe, nami nikathibitisha.

Asubuhi iliyofuata darasa la nane walikuja gwaride na majembe, kama wanaokwenda shambani. Mkuu alitoka, akawaamuru wahesabu namba. Wa kwanza mstarini alisema moja. Wa pili hakusema kitu. Alipiga hatua mbele, akampiga mkuu kwa mpini kwenye lile goti lisilokunjika. Nilisikia mfupa.

Walimburuta hadi kwenye mabua ya shamba lake na kumpigia huko. Walipiga bila kelele, kwa zamu, kama watu wanaotwanga. Walimvunja mkono wa kulia na taya. Wengine walikwenda nyumbani kwake wakavunja vyungu na madirisha. Mkewe alitorokea mtoni na watoto. Yule mwalimu mzee walimpiga makofi tu wakamwacha akae chini. Jiwe moja lilinipata nyuma ya sikio. Sikumwona aliyelirusha. Nilianguka, nikaokota mpini uliokuwa chini, na nilipoinuka nilimpiga mtu wa kwanza aliyekuwa karibu. Alikuwa mtoto wa darasa langu, wa darasa la tano, aliyesimama pale kwa sababu aliogopa na hakujua akimbilie wapi. Nilimvunja mfupa wa mtulinga. Ndani ya kitabu jeraha lile limehesabiwa miongoni mwa yaliyofanywa na wagomaji.

Mem ndiye aliyemwokoa mkuu. Alikimbia bila viatu akajitupa katikati, akasimama juu ya yule mtu aliyekuwa amelala kwenye mabua, mikono ameinyoosha pande mbili, akisema kwa Kiswahili chake cha kitabuni, "Basi. Basi, tafadhali." Walimtazama kwa muda. Kisha wakatupa majembe na kwenda kukaa bwenini, wakasubiri.

Polisi walifika mchana. Vijana hawakupinga, lakini walipigwa hata hivyo, kwa virungu, wakiwa wamelala kifudifudi. Kumi walipelekwa mjini, wakahukumiwa viboko na kufukuzwa shule. Jina la yule aliyekuwa hospitalini liliongezwa kwenye orodha ya waliofukuzwa, eti chanzo cha ghasia ni yeye.

Wiki moja baadaye Mem alinichukua kwenda kumwona. Alikuwa wodi ya wanaume, kichwa kimezungushiwa bendeji, amelala kwa tumbo kwa sababu mgongo haukulalika. Jicho lilikuwa limekwisha kutolewa. Mama yake alikuwa ameketi sakafuni. Tulisalimiana kwa Kihehe, kamwene, kamwene, naye mama akanishukuru kwa kuja kumwona mwanawe. Sikujua pa kutazama.

Kijana alikataa kusema Kiswahili. Alisema lugha yoyote aliyoipata pale shuleni hataitumia tena. Basi Mem aliuliza kwa Kiingereza, mimi nikauliza kwa Kihehe, na majibu nikayarudisha. Alieleza kila kitu: ruhusa aliyonyimwa, maziko, meza, hesabu. Nilitafsiri kwa uaminifu, neno kwa neno, hata yale ya aibu. Mem aliandika yote. Kisha akauliza ni walimu gani waliomshika.

Kijana alilitaja jina la yule mzee. Halafu akanitazama kwa jicho lililobaki. "Na wewe," alisema. "Wewe uliishika miguu yangu. Mwambie."

Nilimgeukia Mem nikamwambia kwa Kiingereza kwamba hakumbuki.

Mem akasema kwa upole nimuulize kama anaogopa, kwa sababu kama anaogopa yeye hatayaandika majina. Swali hilo sikulifikisha. Nilimuuliza kijana kama ana kiu.

"Mwambie," akasema tena.

"Anasema kweli hakumbuki," nilimwambia Mem. "Anasema ni kama giza."

Hilo la giza nililiongeza mwenyewe, na ndilo lililompendeza Mem kuliko yote. Alilipigia mstari. Yule mama alikuwa ameyasikia maneno ya mwanawe. Tulipoondoka mkono wangu hakuupokea.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Niliogopa kufukuzwa kazi, hilo ni kweli. Lakini nikisema ni hilo tu nitakuwa ninadanganya tena. Nilitaka Mem aendelee kuniona kama mtu wa vitabu. Nilitaka aendelee kuniazima vile vya kwenye karatasi yake.

Aliendelea. Mvua zilipoanza alirudi kwao, akaniachia vitabu vitatu. Baadaye aliniandikia barua kwamba amepewa shahada yake na kwamba jina langu limo katika ukurasa wa shukrani. Mkuu alipona na mkono uliopinda, akahamishiwa shule nyingine, bado akiwa mkuu. Mimi nilihamishiwa Mbeya.

Nilikuwa nimesikia kwamba kijana amekwenda Makongolosi kuchimba dhahabu. Ilipita kama miaka mitatu tangu siku ile ya hospitali. Likizo moja nilipanda lori la kwenda Chunya, likapanda milima na kushuka kwenye joto na vumbi la upande ule, na kutoka Chunya nikapata lori jingine. Sikujua nitamwambia nini. Nilimkuta kwenye shimo moja pamoja na wenzake wanne, anavuta kamba ya kupandishia mawe. Alikuwa amenenepa mabega. Pale palipokuwa jicho ngozi ilikuwa imejifunga. Alinijua mara moja, akaifunga kamba vizuri kabla ya kunijia, kwa sababu chini kulikuwa na mtu.

Alizungumza Kihehe. Aliniuliza nimefuata nini. Nilimwambia kwamba siku ile hospitalini sikumfikishia Mem maneno yake. Nilimwambia Mem kwamba yeye hakumbuki.

Akaniambia nirudie, nikarudia. Ndipo nilipofahamu jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: alikuwa hajui. Kiingereza chetu cha harakaharaka hakukifuatilia wodini, kwa maumivu yale. Alidhani nimemwambia.

"Nilidhani yule mzungu amejua," alisema. "Nilidhani amejua kwamba ni wewe, na bado akatoka na wewe, akapanda na wewe gari moja. Miaka yote hii nimemchukia yeye."

Kisha akanipiga. Alinipiga ngumi ya mdomo, na nilipoanguka alinipiga mateke ya mbavu, halafu akanikalia kifuani akanipiga usoni kwa mikono yote miwili. Sikujikinga. Ningependa ionekane kwamba ulikuwa uungwana, lakini sikuwa na nguvu za kumzuia hata kama ningetaka. Wenzake walitazama. Mmoja aliuliza huyu ni nani, naye akajibu, bila kusimamisha mikono, kwamba ni mwalimu wake. Wakacheka, wakadhani ni utani.

Alipochoka aliinuka, akanawa mikono kwenye beseni la kuchekechea mchanga. Damu yangu ilielea pale juu ya maji.

"Kiingereza unakijua," aliniambia. "Mwandikie."

Nilisema nitamwandikia. Akarudi kwenye kamba yake.

Sikuandika. Kwanza muhula ulianza, halafu nilingoja uso upone, halafu nikasikia kwamba maandishi ya Mem yamepigwa chapa na kuwa kitabu. Yeye amefariki sasa. Kijana sijui aliko.

Nilirudi Mbeya na meno mawili pungufu. Nilimwambia mama nimeanguka kutoka kwenye lori. Alinikanda kwa maji ya chumvi kutwa nzima bila kuuliza zaidi, na baba alinitazama akaendelea kushona. Jumatatu niliingia darasani. Midomo ilikuwa bado imevimba na maneno yalinitoka yakiwa yamepinda. Mtoto mmoja wa nyuma aliniigiza, darasa zima likacheka. Nilimwita mbele. Alikuja bado anatabasamu, kwa sababu darasa lile nilikuwa nimepewa muhula ule na hakunijua vizuri. Nilimchapa mpaka fimbo ikakatika, kisha nikamtuma mwenzake akalete nyingine.